Jina Lililojitaja kwenye Jubilei

Mzee Ebenezeri alikuwa anasherehekea miaka hamsini ya ndoa pale spika ilipomtaja mtoto ambaye hakuna aliyetakiwa kumjua.

Mchungaji alikuwa mbele kabisa, sahani ya ndafu, mbuzi wa kuchoma mzima, mkononi.

Na kosa lilikuwa langu.

Naitwa Calvin. Natengeneza programu za simu, nimepanga chumba Majengo, hapa Moshi mjini. Mwaka jana Praygod, kitinda mimba wa Mzee Ebenezeri wa Marangu, aliniomba niwatengenezee programu ya ukoo. Kila mtu na picha yake, wazazi wake, na salamu aliyoirekodi kwa sauti yake.

Kazi nyepesi. Nikaikubali mbio.

Wiki moja baadaye mzee mwenyewe akashuka mjini. Peke yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Funga mlango."

Nikafunga.

"Kuna binti yangu yuko Kahe. Anaitwa Kindness. Muweke na sauti yake, ninayo hapa kwenye simu. Ila asionekane mpaka nife."

"Mama Praygod anajua?"

"Ningekuwa hapa?"

Nikamwingiza Kindness kwenye orodha, nikamwekea alama ya kufichwa.

Sasa swali likawa, nani amfiche? Seva, ile kompyuta ya mbali inayotunza data, au simu ya mtazamaji?

Mektrida, tunayefanya naye kazi, aliniambia mapema. "Vya siri vichuje kwenye seva. Ukituma orodha nzima kwenye simu za watu, umeshaitoa siri. Unaomba tu simu zinyamaze."

"Kule mlimani mtandao unakatika kila saa," nikamjibu. "Natuma vyote kwa mpigo, simu itachuja yenyewe."

Nilijiona fundi kweli kweli.

Siku ya jubilei ikafika. Watu wamejaa mgombani, Praygod kashika kipaza sauti.

"Heshima ya kufungua programu ni ya mama!"

Mama akatoa simu yake. Aisee, simu ya zamani, kioo kina ufa. Wakaiunganisha na spika.

Simu ile ikashindwa kusoma amri yangu ya kuchuja. Ikairuka. Ikamwaga orodha nzima kama ilivyo.

Mama akabonyeza jina asilolitarajia.

"Shikamoo baba. Ni mimi Kindness, mwanao wa Kahe. Mungu akupe maisha marefu."

Mchungaji akaweka sahani chini.

Mzee akaniangalia. Nikaangalia migomba.

Mama akavua miwani, akaifuta taratibu kwa kanga.

"Sauti yake imekuwa nzito," akasema. "Ana mafua?"

"Unamjua?" Mzee sauti ilimtoka kama ya mtoto.

"Alikuja kukutafuta, mwaka wa saba huu. Nikampa mtori, akala, akalia. Nikamwambia baba yako ni mwoga, tumsubiri aseme mwenyewe." Akamgeukia Praygod. "Mpigie dada yako, namba ninayo."

Jioni ile ile Kindness alifika kwa bodaboda, vumbi la Kahe mpaka kwenye kope. Mzee alijaribu kusema neno, akashindwa, akamkatia nyama kwa mkono wake.

Mimi nikarudi mjini na aibu yangu. Siku tatu nilihamishia uchujaji wote kwenye seva. Simu ikawa inapewa kile tu inachoruhusiwa kuonyesha.

Siku ya nne, simu yangu ikaita. Mama Praygod.

"Mwanangu, nasikia umerekebisha. Sasa hivi mtu akifichwa, amefichika kweli?"

"Kabisa mama. Hata simu yenyewe haijui kama yupo."

Nikasikia mlango ukifungwa.

"Basi andika. Nina jina moja la kuongeza. Na mzee asijue."

Ndugu zangu, kitu usichotaka mtu akione, usimpelekee nyumbani kwake halafu ukamwomba afumbe macho.

Na ukimwona mtu amesamehe haraka mno, usimsifu kabla hujajua naye ana lake.