Shimo Kwenye Kichanja cha Kahawa

Mwanamume anayeharibu kitu kwa kutojua unaweza kumsamehe. Wendelin alikuwa akiharibu kwa kujua, na hilo ndilo lililomchosha mkewe Notburga. Tangu waoane pale kijijini Ruanda, hakuna chombo kilichoingia nyumbani kikakaa na skrubu zake zote. Redio aliifungua ikiwa nzima. Saa ya ukutani, zawadi ya harusi, aliifungua ili iende vizuri zaidi, ikaacha kwenda kabisa. Kisha ikaja kompyuta kuukuu kutoka Mbinga mjini, na Notburga akajua ameletewa mke mwenza.

Mwanzoni ilikuwa memori. "Nikiiongezea memori tu, mama, itakimbia." Akaiongezea. Ikakimbia, ikapata joto. Akanunua feni kubwa. Feni haikuenea ndani ya kasha, akaacha ubavu mmoja wazi. Na nyumba yao iko kando ya barabara ya malori ya makaa ya mawe. Kila lori lilipopita, vumbi jeusi liliingia kwenye ule ubavu kama limealikwa, na kompyuta ikaanza kuzimika yenyewe katikati ya kazi. Kazi gani, Notburga hakupata kuiona. Aliona inafunguliwa, inafutwa, inafungwa, inafunguliwa tena.

Asubuhi moja alitoka mtoni kuosha kahawa ya mwisho ya msimu. Hiyo ndiyo ya kumrudisha binti yao Emerensiana shuleni. Ile ya kwanza ilikwisha kumezwa na deni la mbolea. Na kahawa iliyooshwa haingoji mtu. Usipoianika siku hiyohiyo inavunda, na ikivunda chama cha ushirika hakiipokei. Alifika uani na beseni kichwani, maji yakimchuruzika shingoni, akakuta wavu wa kichanja cha kuanikia una shimo katikati. Shimo la mraba, limekatwa vizuri kabisa.

Wifi yake Tadea, jirani yao, alikuwa amesimama pale mikono kiunoni.

"Wifi, kaka yangu anatega mnyama gani hapa?"

"Muulize mwenyewe."

Wendelin alitoka ndani na bisibisi nyuma ya sikio, uso unang'aa. "Mama Emerensiana, njoo uone! Nimeiwekea kompyuta chujio. Wavu umeshika soksi, soksi inashika vumbi, hewa inapita!"

"Umekata kichanja."

"Kipande kidogo tu."

"Katikati, Baba Emerensiana! Hata pembeni hukupaona?"

"Pembeni wavu umelegea."

Tadea alicheka mpaka akashika nguzo. Notburga hakucheka. Aliitazama kahawa, akalitazama jua lililokwisha panda. Akatua beseni, akaingia ndani, akatoka na lile bati la ubavu wa kompyuta lililokuwa limeegemezwa ukutani. Akaliweka juu ya shimo, akainua beseni.

"Ngoja!" Wendelin alipiga kelele. "Usimwage hapo! Kahawa haianikwi juu ya bati. Itakosa hewa kwa chini, itoe jasho, ivunde."

Notburga akabaki na beseni mikononi.

"Kumbe unajua."

Wendelin alimtazama dada yake amwokoe. Tadea akawa anatazama barabarani.

"Unajua kahawa inataka kupumua," Notburga akaendelea, polepole, "ukaenda kukata hivyohivyo ili kompyuta ndiyo ipumue. Sasa chagua."

Bisibisi ikasikika ndani, skrubu moja baada ya nyingine. Wendelin alirudi na kipande cha wavu na nyaya nyembamba alizozing'oa kwenye feni ya zamani, akaanza kushona. Mkewe alisimama begani kwake.

"Hapo punje itapita."

"Naona."

"Na hapo."

"Naona, mama, naona!"

Alipokata waya wa mwisho, Notburga alimwaga kahawa, akaitandaza kwa viganja hadi pembeni. Wavu ukashika. Punje chache zilidondoka. Wendelin akaziokota mwenyewe, akazipangusa, akazirudisha juu.

Barabarani lori likanguruma likija. Wendelin akageukia dirishani, mezani kompyuta ikiwa imeachwa tumbo wazi.

"Mama Emerensiana, niazime basi kitenge niifunike."

"Vua shati."

Akalivua, akakimbia.