Kiyoyozi cha Baba, Ghorofa ya Saba

Nyumba yetu iko ghorofa ya saba, Kware, na juu yetu hakuna kitu ila paa la zege ambako jengo zima huanika nguo. Januari na Februari jua hulichapa paa hilo tangu asubuhi, na joto likishuka linatukuta mimi na baba yangu. Watu wakisikia nimeweka kiyoyozi nyumbani, Nairobi, hucheka. Nairobi hii ya majaketi? Basi waje wakae sebuleni kwangu saa nane mchana, halafu tuongee.

Baba ana moyo uliopanuka. Anameza vidonge vya kupunguza maji mwilini, miguu inavimba, na joto likizidi moyo unafanya kazi ambayo hauiwezi tena. Alikuja kukaa nami baada ya mama kufariki. Asili yetu ni Mombasa, lakini baba atakwambia yeye ni mtu wa Kaloleni, ile ya hapa hapa Nairobi, na atakwambia hata kama hukumuuliza, kwa sababu aliingia pale akiwa kijana wa reli na akatoka pale mzee wa mvi. Ngazi za Kware alizipanda siku moja tu, akipumzika kila ghorofa, na alipofika juu akaniambia, "Mama, kupanda nimepanda. Kushuka sitashuka tena leo wala kesho." Ananiita mama, kama baba zetu wote wanavyowaita binti zao.

Mimi nilihofia upweke wake. Ninashona katika kiwanda cha nguo Industrial Area, natoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi jua likizama. Lakini baba alikuwa na akili zake. Siku ya pili tu alivuta kiti mpaka mlangoni, akafungua mlango wa chuma ukabaki wazi, akateremsha pazia nusu, akakaa. Na kwa sababu kila anayepanda kuanika nguo lazima apite mbele ya mlango wetu, haikuchukua mwezi akawa anajua jengo lote kwa nyayo. Alijua nani ana mtoto mchanga na nani amegombana na mumewe. Watoto waliokuwa wakimpigia "niaje, babu" aliwafundisha shikamoo, na hakumwacha mtoto apite mpaka aisikie. Mama mmoja wa ghorofa ya pili, mpika chapati, alikuwa akimwekea beseni la nguo miguuni pake akapumua kidogo, wakateta wee mpaka nguo zikaanza kunuka. Nikirudi jioni nilikuwa nahadithiwa mimi, mwenye nyumba, habari za jengo langu.

Februari mwaka huu akaanguka. Nilipigiwa simu kiwandani, nikatoka mbio na mkasi bado mkononi. Hospitali walimlaza siku nne. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, aliniambia wazi kwamba nyumba ile ya juu, kwa joto lile, itamuua. Ama nimhamishe ama niipoeshe.

Kumhamisha kulikuwa na pa kumpeleka. Dada yake, shangazi yangu, bado yuko Kaloleni, kwenye nyumba ya chini yenye kivuli. Lakini shangazi mwenyewe haoni vizuri, na ni nani angekumbuka vidonge vya alfajiri na vya usiku? Na nitaficha nini, nilimtaka baba yangu. Nilishamkosa mama. Nilitaka nikirudi nimkute mtu wa kuniambia nimechelewa. Kwa hiyo nikasema tutapoesha, na vijana wa jengo wakampandisha tena juu kwenye kiti.

Fundi, kijana mcheshi mwenye mdomo mwingi, alikuja Jumatano na mwenzake. "Mathe, hii keja ni oveni," aliniambia alipoingia ndani ya nyumba, na nikamwambia ndiyo maana nimemwita, aache kunitangazia. Mashine ya nje wakaipandisha kwenye paa, ya ndani wakaichagulia ukuta juu ya kitanda cha baba, kwa sababu hapo ndipo mabomba yangekuwa mafupi. Baba alikataa kukaa kando. Alisimama na fimbo akimwelekeza fundi namna ya kushika drili, yeye aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote, na fundi, Mungu ambariki, akawa anaitika "sawa, mzee" kila mara na kuendelea vile vile alivyokuwa akifanya.

Nilisahau jambo moja la kipumbavu. Nilisahau kufunika kitanda. Drili ilipotoboa ukuta, vumbi la zege lilimwagika kama unga, likaingia kwenye godoro, kwenye mito, na kabati lilikuwa wazi, likaingia kwenye kanzu, vikoi, makoti, kila kilicho cha baba. Nilitaka kulia. Fundi akawa anapaka povu la sabuni kwenye viungo vya mabomba aone kama gesi inavuja, mimi niko bafuni nafua. Alasiri ile nilifua nguo zote za baba, zote, nikazipandisha juu na kuzianika kamba tatu nzima, na godoro nikamwomba fundi anisaidie kulisimamisha juani. Kisha mashine ikawashwa, hewa baridi ikateremka, na baba akafumba macho. Nilimtazama uso wake ukilegea, nikasema moyoni, ah, nimefanya la maana maishani.

"Lakini mlango wa nje ufungwe," fundi alisema akikusanya vyombo vyake. "Madirisha pia. Bila hivyo utakuwa unapoesha Kware yote."

Nikafunga.

Siku za kwanza nilikuwa na furaha ya kijinga. Miguu ya baba ilipungua uvimbe. Alilala vizuri. Lakini nikirudi jioni sikuwa nikipewa habari yoyote. Nikimuuliza, ananiambia, "Niko tu." Siku ya nne nilitoroka kazini mchana kuja kumwangalia, nikamkuta kazima mashine, mlango wazi, amekaa mlangoni kwenye joto na jasho linamtiririka, na hakuna mtu ngazini. Mimi nina hasira za karibu, na aliyenipa hasira hizo ndiye aliyekuwa ameketi mbele yangu. Nilimfokea. Nilimuuliza kama anataka nirudi siku moja nimkute amekauka hapo kitini. Aliinuka polepole, akafunga mlango mwenyewe, akaenda kulala na kunipa mgongo. Tangu siku ile hakuufungua tena, na mimi nikajiona nimeshinda.

Usiku wa Alhamisi ya wiki iliyofuata, tukiwa mezani, alisema, "Nirudishe Kaloleni kwa dada yangu."

"Kwa nini, baba? Hapa pana ubaridi."

"Pana ubaridi, ndiyo." Alisukuma sahani. "Mama, watu wa hapa wamenichoka. Nawasikia. Wakifika mlango huu wananyata. Hata watoto, hakuna anayeita. Nilidhani wananipenda, kumbe nilikuwa njiani tu, wakapita."

Nilijaribu kumtetea kila mtu. Nikasema labda wako kazini, labda watoto wako shuleni. Lakini na mimi nilikuwa nimeona jambo. Nikikutana nao ngazini walikuwa wananipisha, wananiangalia chini. Mpika chapati alinishika mkono siku moja, akaushikilia muda mrefu, akaniambia nijikaze kisabuni, akaenda zake. Nilichukulia ananihurumia kwa maradhi ya baba. Kwa hiyo nilikubali. Nilimwahidi Jumapili nitaita teksi, vijana wawili wa jengo wamshushe kwenye kiti. Nikaanza kupanga nguo zake kwenye begi, na kila kanzu niliyoikunja nilihisi kama naikunja nyumba yangu.

Jumamosi alasiri mlango ukabishwa. Kufungua, nakuta wanawake watano, leso vichwani. Mbele alikuwa jirani wa ghorofa ya tano, mama wa Kisomali anayeuza vitambaa, na nyuma yake mpika chapati amebeba chupa kubwa ya chai. Wengine wana sukari, wana mchele kwenye beseni. Walivua ndala nje, wakaingia bila kelele, wakakaa chini kwenye mkeka, ingawa viti vilikuwepo. Nilifurahi. Nikasema, leo Mungu amesikia, wamekuja kumuaga mzee. Hata sikujiuliza wamejuaje kama anaondoka.

Mama wa vitambaa akainua mikono. "Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu, amsamehe, amfanyie wepesi huko aliko." Wakaitikia amina, hata wale wa kanisa. Mikono yangu nilikuwa nimeshaiinua. Ilibaki pale hewani.

"Tulikasirika," mpika chapati akasema, na machozi yalikuwa yanamshuka. "Nitakwambia ukweli, mimi nilikasirika. Najua nyinyi Waislamu hamkai na maiti, mnazika siku hiyo hiyo. Lakini mlango mmoja tu ungepiga, dada. Mmoja. Mimi huyo mzee nimemsalimia kila siku miaka mitatu. Nimeona nguo zake zote zimefuliwa ziko kwenye kamba, godoro liko juani, mlango umefungwa, nikajua. Nilikaa pale juu nikalia na nguo zangu mbichi. Watoto tumewakataza kelele wakipita hapa. Tumengoja ututangazie, tukaona kimya, tukasema basi, twende wenyewe."

Ni kweli, kwetu mtu akifariki nguo zake hufuliwa zote na godoro lake hutolewa nje. Nimeyafanya haya kwa mama yangu kwa mikono hii hii. Na sikuona.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Baba akasimama pale na kikoi na fulana, mkono ukutani, nywele zimelala upande mmoja kwa usingizi.

"Nani amefariki?" akauliza.

Mama wa vitambaa alirudisha mikono yake mapajani taratibu. Mpika chapati alijifunika uso kwa leso, mabega yakawa yanatikisika, na kwa muda sikujua kama analia au anacheka, nadhani hata yeye hakujua. Nikaeleza. Nilieleza vibaya, kwa kurukaruka, vumbi, drili, godoro, fundi kasema mlango ufungwe. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akaja akaketi katikati yao, chini, yeye ambaye kuketi chini alikuwa ameacha zamani, na ilibidi wawili wamshike.

"Kwa hiyo mlikuwa mnanyata kwa ajili yangu," akasema.

"Tungefanyaje, babu, na kuna msiba?"

"Na mimi nimelala humo ndani siku kumi nasema mmenichoka." Akacheka mpaka akakohoa, nikamletea maji, na alipomaliza kuyanywa alikuwa hacheki tena. Machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi mbele ya wanawake watano, na hakuyafuta. Tulikunywa ile chai ya matanga yake. Ilikuwa na tangawizi nyingi. Kuhusu mlango, waliamua wenyewe bila kuniuliza: mashine itaendelea, mlango utafungwa, lakini kila apitaye atabisha, na asiyebisha atatajwa jina kwa baba. Wakaondoka magharibi ikiadhiniwa, na mchele wakakataa kuondoka nao.

Asubuhi ya Jumapili niliamka mapema. Begi lilikuwa karibu na mlango wake. Baba alikuwa amekaa kitandani, hewa baridi inampuliza kisogoni, na tayari mtoto mmoja alikuwa ameshabisha, akapiga shikamoo yake na kukimbia. Nilimuuliza, kwa sauti niliyoilazimisha itulie, kama niite teksi.

Alinitazama kama nimeuliza swali la ajabu. "Nitaondokaje, mama," akasema, "mahali ambapo watu wamekwisha kunililia?"

Nilipiga magoti, nikafungua begi, nikaanza kuzirudisha kanzu kabatini moja moja, nikiwa nimempa mgongo asinione uso.