Mama Yvette na Namna Tano za Kubaki

Mama Yvette alikuja Bwera, upande wetu wa Uganda, kutoka Butembo ya Kongo kwa wiki mbili, na huu ni mwaka wa tano. Alipanga chumba cha uani kwa mama yangu, akaweka cherehani barazani, na kabla hatujajua, yeye ndiye aliyekuwa akituamulia siku ya kupika sombe, kisamvu cha kwao. Jina lake ni Jeanine, lakini ukimuulizia Jeanine sokoni utaambiwa hayupo mtu kama huyo. Sema Mama Yvette, hata mbuzi watakuonyesha njia.

Likizo ya Agosti nilirudi nyumbani kutoka Kasese, ninakofundisha Kiingereza katika shule ya sekondari. Nilimkuta mlangoni, na hata begi sikuwa nimetua.

"Mwalimu, umefika. Kaa chini. Unifundishe leo leo."

Habari yenyewe ilikuwa hii. Zahanati moja karibu na mpaka ilihitaji mkalimani. Wagonjwa wengi huvuka asubuhi kutoka Kasindi, upande wa pili, na daktari mpya, kijana aitwaye Bright, hakujua Kiswahili wala Kinande. Alikuwa na Kiingereza tu, tena cha mbio. Mama Yvette alikuwa na Kinande, Kiswahili, Kifaransa, na Kiingereza cha kuuzia magauni. Sista Ednah, msimamizi wa zahanati, alimpa siku tano za majaribio, Jumatatu hadi Ijumaa. Akishindwa, angekosa la kumjibu kaka yake wa Butembo, ambaye alikuwa ameshapiga simu mara tatu kumwambia kwamba cherehani peke yake haimweki mtu ugenini, arudi. Lakini binti yake Yvette alikuwa darasa la sita, wa pili katika mtihani, na mama yake hakutaka kurudi.

"Majina ya magonjwa najua," aliniambia. "Magonjwa ya Kiingereza iko Kifaransa tu yenye kuvaa koti. Yenye inanisumbua ni hii ya kubaki. Ule dokta anasema stay, stay, na kila mara anaweka kamukia nyuma, ka neno kengine. Stay nini, stay nini! Na mupaka inafungwa jioni, Mwalimu. Mutu akibaki vibaya, atalala njiani."

Nilichukua daftari nikachora jedwali zuri, lenye mistari ya rula. Nikaanza na "hang on": ni kungoja kidogo tu, papo hapo.

"Anabeba nini?" akauliza.

"Nani?"

"Mugonjwa. Akiambiwa hang on, anakuja na nini?"

Sikuwa na safu ya mizigo kwenye jedwali langu. Lakini swali lake lilikuwa la haki. Kwetu zahanati inakupa kitanda. Mengine ni yako: mkeka, beseni, sufuria, makaa, na mtu wa kukupikia ambaye atalala chini ya kitanda chako. Anayeambiwa abaki anataka kujua kwanza afungashe nini.

"Habebi kitu," nikasema. "Hata kukaa chini si lazima."

"Voilà. Endelea."

"Stick around" ni usiende mbali, tunaweza kukuita wakati wowote. Akafikiri. "Anaweza kwenda kula chapati, lakini ile ya mulangoni. Ya soko hapana." Nilikubali. "Stay behind" ni wengine wakitoka wewe ubaki. "Kama mutoto mwenye kelele mu darasa," akasema, na nikamwambia ndiyo, au mtu ambaye daktari anataka kuzungumza naye faraghani. "Stay over" ni kulala usiku mmoja: hapo mkeka, beseni na chakula cha jioni. Ya mwisho ilikuwa "stay on", wakati wa kuondoka umefika na wewe unaendelea kubaki.

"Hiyo sasa ni sufuria," alisema kwa sauti ya daktari. "Sufuria, makaa na mutu."

Nilifuta jedwali nikachora jipya, lenye safu ya mizigo.

Jumatatu hadi Jumatano mambo yalikwenda vizuri. Alhamisi alivuka Mzee Kathembo, mkulima wa kahawa, akiwa na kidonda mguuni na binti yake pembeni. Daktari alisema "stay over". Mama Yvette akafasiri bila kuongeza wala kupunguza: usiku mmoja. Binti alileta mkeka, beseni na bundu, ugali wa kwao, wa jioni moja. Ijumaa alfajiri akafunga kila kitu akavuka kupeleka nyumbani kwanza, maana pikipiki isingebeba vyombo pamoja na mguu wa baba ulionyooka. Angerudi mchana kumchukua mzee.

Saa nne daktari akautazama mguu. Sasa alitaka mzee "stay on" hadi Jumapili.

"Nibaki na nini?" mzee akauliza, akaanza kutafuta viatu. Simu ya binti haikupatikana.

Mimi nilipigiwa simu nikiwa nasoma. "Mwalimu, leta sufuria. Ile kubwa ya jikoni. Na makaa, na unga. Kimbia, mugonjwa anavaa kiatu."

Mama alikuwa kanisani. Nilijitwika sufuria na makaa ndani yake, nikapita katikati ya mji. Mtu akionekana na mzigo huo akielekea zahanati, Bwera nzima huuliza nani amelazwa. Mimi ambaye hata salamu hunitoa jasho nilijibu watu kumi na wanne.

Nilipofika, kiatu kimoja kilikuwa kimeshavaliwa. Mama Yvette alikuwa ameketi juu ya cha pili.

"Papa, utakula kwanza. Mutu hakimbii na njaa."

Akaenda jiko la uani, akawasha moto. Haukupita muda, daktari akaita kutoka ndani: "Jeanine! Tell this one to stick around!"

Mama Yvette akatoa kichwa dirishani, mwiko mkononi. "Mama wa kitambaa ya njano! Usiende mbali! Chapati ya mulangoni, ndiyo! Ya soko, hapana!"

Foleni nzima ilicheka. Yule mama akakaa. Aliyekosa kucheka ni Sista Ednah, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya mwiko.

"Wewe kazi yako ni mdomo, si moto. Nani alikutuma jikoni?"

"Sista, nilimwambia abaki. Sasa abaki na nini?"

"Jioni wengine wakitoka," alisema Sista, "you stay behind."

Mama Yvette alinitazama. Mtoto mwenye kelele darasani. Akarudi kwenye sufuria, akasonga bundu yake.

Saa tisa binti alirudi, akamkuta baba yake amelala ameshiba, bila viatu. Alimkumbatia Mama Yvette, akageuza pikipiki kufuata mkeka. Saa kumi na moja zahanati ilikuwa tupu. Mama Yvette aliosha sufuria taratibu sana, kama mtu asiye na haraka ya kuambiwa kazi hana.

Sista Ednah akatoka na kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu.

"Hiyo sufuria unaipeleka wapi?"

"Nyumbani, Sista."

"Na wiki ijayo, mwingine akikosa sufuria?" Akaichukua, akaipindua, akaandika jina la zahanati kwenye kitako kwa herufi kubwa. "Inabaki hapa. Moto watawasha jamaa wa wagonjwa wenyewe. Wewe utawapa sufuria na kurudi mezani. Jumatatu saa mbili. Si saa mbili na nusu."

Tulitembea hadi sokoni kabla hajapiga kelele. Alipiga moja tu, ndefu, na wauza nyanya wakageuka. Papo hapo kaka yake akapiga simu, mara ya nne.

"Sirudi," alimwambia. "Niko na kazi. Sufuria yangu imeandikwa jina ya zahanati!"

Akakata simu. Akatembea hatua tatu, akasimama.

"Mwalimu," alisema polepole. "Ile sufuria iko ya mama yako."

Kutoka pale tulipokuwa tuliweza kuuona mlango wa jikoni kwetu. Mama alikuwa amesharudi kutoka kanisani, na alikuwa anatafuta kitu.