Nilikwenda Kakamega Kuutafuta Uso wa Baba

Mama yangu ana presha ya macho. Daktari wetu hapa Nakuru alitueleza bila kuzungukazunguka: dawa itachelewesha giza, haitalizuia. Tuliporudi nyumbani siku hiyo mama hakulia. Alikaa jikoni akichambua mboga kwa vidole, kisha akaniambia, "Mmbone, uso wa baba yako umeanza kunipotea. Sauti yake naisikia. Mikono yake ningeitambua popote. Lakini uso nikiutafuta naupata nusu. Ningependa kuuona tena kabla macho hayajafunga duka."

Baba alikuwa seremala mjini Kakamega. Alianguka kutoka kwenye paa la nyumba aliyokuwa akiezeka, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mama akahamia Nakuru kwa dada yake, na sanduku moja. Picha zote tulizokuwa nazo zilikuwa ndani ya sanduku hilo, na mchwa waliliingia kwa chini bila mtu kujua. Siku tulipolifungua tulikuta udongo na vipande vya karatasi. Kitambulisho chake kilikuwa kimerudishwa kwa chifu zamani. Kwa hiyo mimi, mwanamke mwenye watoto wakubwa, nilikuwa sijawahi kumwona baba yangu hata kwenye karatasi.

Nilimpigia simu Senje Rasoa, dada yake baba, anayeishi Khayega. Naye hakuwa na picha. "Lakini kuna fundi wa picha alikuwanga mjini," akasema. "Yule alipiga kila mtu. Kuja tu, tutafute."

Nikaomba ruhusa kazini, nikafunga mkoba.

Basi lilitoka Nakuru alfajiri, baridi ikiuma masikio. Kericho tuliipita jua likianza kukausha umande juu ya majani chai, na tulipofika Kisumu nilikuwa nimeshavua sweta na kulifunga kiunoni. Hapo nikabadilisha gari na kuanza kupanda Maragoli, penye mawe makubwa kama nyumba na migomba iliyosimama katikati yake kana kwamba imeegemea. Safari nzima nilikuwa nikiikumbuka Kakamega ya mama. Nililelewa na mji huo mdomoni mwake: ukumbi wa sinema wenye ngazi nyekundu, duka la mkate lililonukia hadi barabarani, safu ya mivinje ambako mafundi walipanga vitanda na makabati ya kuuza. Nikiwa mtoto niliamini ningeshushwa pale na kutembea bila kuuliza njia.

Khayega, alasiri. Senje Rasoa alikuwa stendi na mwavuli mkononi, ingawa mvua ilikuwa bado haijaanza. Tulikuwa hatujaonana tangu mazishi ya mume wake. Alinishika mabega, akanigeuza huku na huku, akanisalimu, "Milembe, mwana wetu. Umenenepa. Vizuri." Kisha mvua ikaanza kweli, na tukatembea chini ya mwavuli mmoja hadi kwake tukicheka kama wasichana.

Alikuwa amechinja kuku. Tulipoketi kula obusuma, ugali wa kwetu, na ingokho, alichukua firigisi kutoka kwenye sufuria na kuiweka kwenye sahani yangu. Nilishtuka, kwa sababu najua kwa watu wetu sehemu hiyo ni ya mwanamume wa nyumba.

"Senje, hii si yangu."

"Kula. Leo umekuja badala ya baba yako Jotham."

Nilikula polepole, naye akajifanya anashughulika na moto.

Asubuhi tuliingia mjini. Senje alivaa gauni lake la kanisani, akanishika mkono kama vile mimi ndiye ningepotea. Lakini aliyepotea ni yeye. Anaishi karibu, huja sokoni kila mara, ila siku hiyo alikuwa akiutafuta mji mwingine uliokuwa chini ya huu. "Sinema ilikuwa hapa," alisema, na hapo palikuwa na jengo la ghorofa lenye benki. "Hapana. Ilikuwa upande ule." Upande ule waliuza magodoro. Mivinje haikuwepo, na hakuna aliyetuambia ilikatwa lini. Mwishowe tukasimama mbele ya vibanda vya simu, vyenye vioo, chaja na muziki wa juu, na Senje akaachilia mkono wangu.

"Studio ilikuwa hapa. Hapa kabisa. Mmbone, nimekuleta bure."

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Nadhani hakuwa akililia picha tu. Ujana wake wote ulikuwa mtaa ule, na sasa hakuweza kunionyesha hata ukuta mmoja.

Mwanamke mmoja mwenye buibui, aliyekuwa akibandika kioo kwenye simu ya mteja, akainua kichwa. "Mnatafuta nani, mama?"

"Swaleh, fundi wa picha."

"Huyo aliaga dunia kitambo. Lakini mkewe tunaswalinga naye. Anakaa nyuma ya msikiti, nyumba yenye mlango wa kijani. Mwambieni mmetumwa na Mwanaidi."

Hatukumfahamu Mwanaidi wala yeye hakutufahamu. Hata sasa nikikumbuka safari ile namshukuru kwa kuinua kichwa tu.

"Asalaam aleikum," alisema mama aliyetufungulia mlango. Senje wangu, ambaye ni Mkristo wa Kikwekeri tangu kuzaliwa, akaitika "Waaleikum salaam" bila kusita, na tukaingia. Huyo ndiye Mama Zubeda. Asili yake ni Mumias, aliolewa Kakamega akiwa msichana, na mumewe alipofariki aliambiwa na watu wengi achome takataka zilizojaa chumba cha nyuma. Hakuchoma. Tulimweleza kilichotuleta, pamoja na habari za macho ya mama.

"Hizi ni za watu," alituambia, akifunua boksi la kwanza. "Walipigwa, wakaahidi watakuja kuchukua. Wengine walihamishwa kazi, wengine walisahau, wengine walikufa. Swaleh alisema tusitupe, mtu anaweza kuja."

Tulikaa sakafuni tukitazama picha hadi chai ikapoa. Mji wa mama ukaanza kunijia. Nyuma ya bwana harusi mmoja niliona zile ngazi, na ingawa picha haikuwa na rangi, Senje aligusa na kusema, "Nyekundu." Nyuma ya askari aliyejishika kiuno kulikuwa na mvinje. Kulikuwa na wakataji miwa waliokuja mjini na viatu vya kuazima, wauguzi watatu wakicheka, mtoto aliyelia mpaka picha ikatikisika. Senje alikuwa akiita majina kwa sauti, mengine akiyafuatisha na "Mungu amrehemu."

Baba hakuwemo. Tulifika mwisho wa boksi la mwisho, na hakuwemo.

Nilishukuru nikaanza kufunga mkoba wangu. Nadhani Mama Zubeda aliona jinsi nilivyokuwa nikihangaika na zipu. "Kaa kwanza," akasema. "Kuna filamu. Alikuwa na kamera ndogo ya kuchukua harusi, picha zinazotembea. Filamu ikibaki kidogo, alikuwanga anasimama barabarani anachukua watu wakipita. Nilimgombeza. Akaniambia harusi ni ya wenyewe, barabara ni yetu wote. Kesho ni Ijumaa. Njooni baada ya swala, kijana wangu Abdalla atakuwa nyumbani. Yeye ndiye anajua ile mashine."

Ijumaa alasiri tulikuta sebule imejaa. Habari ilikuwa imetoka, na majirani walikuja na viti vyao: mwalimu mstaafu, mama wa duka la nafaka, hata Mwanaidi alifunga kibanda akaja. Abdalla, mwanamume wa makamo mwenye ndevu za mvi, alitundika shuka jeupe ukutani na kufunga mapazia. Alitutahadharisha. "Filamu imezeeka, imekauka kama jani. Inaweza kukatika. Mtazame vizuri."

Mvua ikaanza kupiga mabati. Filamu haikuwa na sauti, kwa hiyo sauti ya mji ule wa zamani ikawa ni mvua hiyo na sisi wenyewe. Barabara ilitokea ukutani, nyembamba, yenye baiskeli nyingi. "Duka la mkate!" watu wakapaza sauti. "Ile ni lori ya miwa, angalia ilivyojaza!" Mwalimu alisimama akaonyesha kwa kidole sinema yenyewe, na mtu mmoja akapiga makofi kama tumefunga bao.

Kisha mtu akatokea upande wa kushoto akiwa amebeba mlango kichwani. Mlango mzima, mpya, ameushika kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa kwenye kivuli cha ule mlango. Alitembea akirusha mguu mmoja nje kidogo.

Senje alishika paja langu kwa nguvu. "Huyo! Alikuwanga anatembea hivyo! Huyo ni Jotham!"

Yule mtu akafika karibu, akaona kamera, akasimama. Akaushusha mlango taratibu, akauegemeza begani, akajifuta jasho kwa mkono wa shati. Kisha akatutazama na kucheka.

Ni sekunde chache tu. Nilikuwa nimeishika simu mkononi tangu mwanzo ili nirekodi, na sikuikumbuka kabisa. Nilikuwa nikimtazama baba yangu. Ana pengo dogo kati ya meno ya mbele, kama la mwanangu wa pili. Kisha akaubeba mlango wake akaondoka, na barabara ikaendelea na watu wengine.

Taa zilipowashwa niligundua kwamba sina kitu cha kumpelekea mama. Abdalla alishika filamu juu ya mwanga, akatikisa kichwa. "Imeanza kupasuka pembeni. Nikiirudisha inaweza kwenda yote."

Nilimgeukia Mama Zubeda. Nilijua ninachokiomba. Ilikuwa kazi ya mume wake, na mwanzoni mwa filamu hiyohiyo nilikuwa nimemwona yeye mwenyewe, msichana mwenye ushungi, akiifukuza kamera kwa mkono. "Mama," nikasema, "sitaki uipoteze kwa ajili yangu."

"Yuko mtu Nakuru ambaye macho yake yanaisha," akasema Mama Zubeda. "Mimi yangu yapo. Na nimeshaona leo. Abdalla, rudisha."

Wakazima taa. Safari hii nilishika simu kwa mikono miwili, Mwanaidi akarekodi na yake upande wa pili, na mwalimu na yake nyuma yetu. Hakuna aliyepaza sauti. Baba alikuja, akaushusha mlango, akacheka, akaubeba. Alipofika ukingoni mwa shuka mashine ikalia kwa ukali na ukuta ukawa mweupe. Filamu ilikuwa imekatika vipandevipande. Mama Zubeda alisema "Alhamdulillahi" polepole, na Senje akasema "Amina." Nilipiga magoti nikamshika mikono, naye akanipigapiga kichwani hadi nikatulia.

Jumamosi nilirudi. Senje alinijazia mkoba njugu mawe na ndizi za kuiva, na kwa mara ya kwanza niliondoka Kakamega nikiwa na watu wa kuwapungia mkono.

Nakuru nilifika jioni. Asubuhi ya pili, mwanga ulipokuwa mzuri, nilimkalisha mama karibu na dirisha na kumwekea simu mbele ya macho. Nilitarajia atalia. Alitazama mara moja, akaniambia nirudishe, akatazama tena.

"Kumbe alikuwa mtoto," akasema.

"Mtoto?"

"Tazama, ni kijana kabisa. Miaka yote hii nilikuwa nazeeka naye. Nilimpa mvi, nilimpa fimbo. Kumbe yeye alibaki hapo na mlango wake." Akacheka, na ndani ya kicheko machozi yakaja.

Safari hiyo ilinifundisha kwamba mji ukibomolewa hauendi wote. Sehemu yake hubaki kwa watu waliokataa kutupa vya wenzao, nao hawatangazi. Inabidi uende uulize. Nami nimewauliza, wakanipa zaidi ya nilichoomba.

Mama alitazama mara nyingine, kisha akaiweka simu mapajani. Nilidhani amechoka. Akanishika kidevu kwa vidole vyake vilivyonuka sabuni.

"Basi, huyo nimemshika," akasema. "Sasa geuka huku kwenye mwanga, nikutazame wewe."