Vyeupe, Siyo vya Kahawia

Kondomu ilipasuka alfajiri ya Jumatano, na mtoto wangu alikuwa na miezi minane tu. Nilimzaa kwa upasuaji, wa pili huo, na daktari aliniambia bila kupepesa macho: ukibeba mimba nyingine kabla ya miaka miwili, kovu linaweza kupasuka, ufe. Kufa! Mimi sikuwa na nafasi hiyo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kijijini kwetu Ruangwa. Mume wangu aliondoka asubuhi ileile kupeleka ufuta Lindi. Nikambeba mtoto mgongoni mpaka zahanati. Redioni nilishasikia kuna vidonge vya dharura, unameza ndani ya siku tatu, na ukiwahi ndiyo vizuri zaidi.

Nilipoviomba, mhudumu wa dirishani akapaza sauti, benchi zima likasikia. "Mama, nenda kamlete baba kwanza."

"Kovu liko tumboni kwangu, siyo kwa baba!"

Wanawake wakaangua kicheko. Yeye akafunga dirisha. Nililia kwa hasira njia nzima, wala sioni aibu kusema.

Alhamisi nikadandia gari la mizigo hadi Nachingwea. Nesi wa huko, mama mtu mzima, hakuuliza habari za baba. Aliuliza ilikuwa lini, akanipa paketi ya vidonge vya kawaida vya uzazi wa mpango.

"Vyeupe vinne sasa hivi, vinne tena yakipita masaa kumi na mawili. Hivi vya kahawia ni vya kuongeza damu tu, mwanangu, havizuii kitu. Na kama mimba imeshaingia, havitoi."

Nikashtuka. Jirani yangu alimeza vya kahawia vyote, akidhani vyenye rangi ndivyo vyenye nguvu. Mwanawe wa sita anatembea sasa.

Kichefuchefu kilinitesa, lakini siku zangu zilikuja. Nilipiga vigelegele peke yangu chooni.

Siku ya kupima watoto nikarudi zahanati ileile, nikasimama mbele ya benchi na paketi yangu mkononi, nikasema yote.

"Mama, una wazimu?" mhudumu akafoka.

"Ninao, tena mwingi!"

Mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha mapacha akauliza kwa sauti ya chini, "Na kama ilikuwa juzi?"

Kwenye paketi vilibaki vyeupe kumi na vitatu. Nikamhesabia vinane palepale, mhudumu akitazama.