Mtoto Aliyemwita Baba Yake Bwana

Shule ile ilifunguliwa katika nyumba kuukuu ya mawe ukingoni mwa mji wetu wa kisiwani, Amu, katika miaka ya hamsini, nami nilikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza. Aliyeifungua alikuwa Mwingereza mrefu, mkavu wa mwili, tuliyemwita Mwalimu Mkuu. Yeye mwenyewe alitiwa bwenini kwao angali mdogo sana, na shule aliyoitaka hapa kwetu ni ile ile aliyolelewa nayo, ila safari hii kwa watoto wa watu wenye uwezo wa visiwani. Baba yangu, mfanyabiashara wa mtaa wa Langoni, alikubali upesi kunipeleka. Aliona dunia inageuka na kwamba kesho atakayesikizwa ni mwenye Kiingereza.

Kwetu hapakuwa mbali, lakini kulala shuleni ilikuwa lazima. Tuliamshwa kwa kengele, tukajimwagia maji baridi ya birika la kuogea, tukala uji usio na sukari, kisha Kiingereza mpaka jioni. Aliyeteleza akasema Kiswahili alichapwa. Aliyelia kwa kuchapwa alichapwa tena, kwa kulia. Ijumaa ndiyo siku pekee tuliyoachiwa kwenda msikitini na kupita makwetu kwa chakula cha mchana.

Kati yetu alikuwamo mtoto mmoja wa Kizungu, mwana wa pekee wa Mwalimu Mkuu, mwenye umri wa miaka saba hivi. Tulidhani huyu atadekezwa. Kumbe alilala pamoja nasi kwenye vitanda vya chuma, huku mama yake akilala ghorofa ya juu ya nyumba hiyo hiyo. Baba yake alimwita kwa jina la ukoo, kama unavyomwita karani, naye alimwita baba yake Bwana. Mama yake, ambaye sote tulimwita Memsabu, alitugawia uji. Alipofika kwa mwanawe mkono wake ulikawia kidogo kwenye bakuli, basi. Siku moja mtoto alimshika gauni. Mwalimu Mkuu alimwita mbele akamchapa viganja, na Memsabu akaendelea kugawa uji, kijiko kikigongagonga sufuria.

Ijumaa moja mtoto yule alinifuata nilipotoka msikitini. Sikumfukuza. Tulipofika nyumbani mama yangu alimtazama yule mtoto mwekundu, magoti yamejaa michubuko, akauliza:

"Huyu ni mwana wa nani, mbona yuwatetema?"

"Wa Mwalimu Mkuu."

"Ana mama?"

"Anaye."

Mama alimketisha mkekani, akampakulia wali wa nazi na samaki, akamwonyesha namna ya kula kwa mkono. Mtoto alikula mpaka akasinzia, kichwa kikamwangukia mama pajani. Tangu siku hiyo kila Ijumaa alikuja. Kiamu, Kiswahili cha kwetu, alikishika haraka kuliko sisi tulivyokishika Kiingereza, na kabla mwaka haujapinda alikuwa akimwita mama yangu Mama bila kufundishwa.

Kisha Mwalimu Mkuu akatangaza kwamba mwanawe amefikia umri wa kupelekwa Uingereza, kwenye shule ile aliyosomea yeye. Alisema hivyo mbele yetu sote kwa sauti ya fahari, na mtoto akajibu, "Ndiyo, Bwana."

Asubuhi ya safari hakuonekana. Mimi nilitumwa na mwalimu mwingine nikaangalie kwetu. Nilimkuta uani, amejibana nyuma ya mitungi ya maji, mama yangu amesimama mbele yake.

"Nifiteni, Mama," alikuwa akisema, akiomba afichwe. "Nifiteni hapa. Sitaki kwenda."

Baba alifika kutoka dukani akasimama mlangoni.

"Mwache alale hapa leo tu," mama alimwambia. "Ndege itaondoka, watasahau."

"Hawatasahau. Ni mtoto wa mtu."

"Na huyo mtu, lini alimwona kama mtoto?"

Baba alimwinua yule mtoto, akambeba begani kama anavyobebwa aliye mgonjwa, akamrudisha. Nilikwenda nyuma yao. Mwalimu Mkuu alimshukuru baba, akampa mkono, kisha akamchapa mwanawe mbele ya shule nzima kwa kosa la kutoroka. Mtoto hakulia. Alikuwa ameshajifunza. Adhuhuri alivushwa hadi kisiwa cha Manda, kwenye uwanja wa ndege, akapanda ndege ndogo pamoja na mmishonari mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Memsabu hakuruhusiwa kuvuka naye. Alibaki gatini kichwa wazi juani.

Habari zilifika wakati kwao ni baridi kali. Mwalimu Mkuu alisimama mbele yetu baada ya uji akasema mwanawe amefariki huko bwenini kwa homa ya mapafu. Kisha akasema, "Fungueni vitabu." Tukafungua. Alitusomesha hesabu mpaka mwisho wa kipindi bila kukosea hata tarakimu moja.

Baada ya hapo Memsabu alikuja kwetu peke yake. Alisimama mlangoni akasema kwa Kiswahili chake kibovu:

"Yeye kaa wapi, akikuja hapa?"

Mama alimshika mkono akamwonyesha mkeka. Memsabu aliketi pale pale, akavua viatu, akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu mzima. Wanawake wa jirani walioingia walikaa naye kama wanavyokaa na mfiwa yeyote, wakampa mkono, wakamletea kahawa. Jioni aliinuka. Wiki hiyo hiyo alipanda meli ya Mombasa bila mumewe, wala hatukumwona tena.

Wazazi walianza kuwaondoa watoto wao, mmoja mmoja, bila maneno. Baba aliniondoa mimi. Haikupita muda shule ikafa.

Kabla hajaondoka, Mwalimu Mkuu alikutana na baba yangu barabarani. Baba alitusimulia wakati wa chakula.

"Kaniuliza, siku ile mtoto alipokuwa kwangu, alisema nini."

"Ukamwambiaje?" mama aliuliza.

"Nikamwambia hakusema kitu. Alikuwa amelala."

Mama alimtazama, kisha akainua sahani ya baba, ambayo hakuwa ameigusa, akaipeleka jikoni.