Kina Mwenyewe

Kila asubuhi fundi saa wa Mkunazini hukifuta kigari chake cha viti viwili kwa kitambaa kile kile anachofutia vioo vya saa. Kiti cha pili alikisogeza nyuma kabisa kwa ajili ya mkewe Arwa, mwanamke mrefu, na kila anayemwomba lifti, fundi humjibu kwa sauti ya chini, "Kina mwenyewe." Ijumaa moja, wakienda hitimani Mpendae, Arwa aliingia, magoti yakagonga dashibodi. 

"Nani kakaa hapa?"

"Tunachelewa, mke wangu." Fundi alikuwa akitazama njia. Mkono wake ukashuka chini ya kiti, ukakipata kichuma cha kusogezea kiti bila ya kupapasa, ukamrudisha Arwa nyuma taratibu, kama mkono uliokwishaizoea kazi hiyo.